Mashine Ilisema Hakuna

Nesi alisema alitafuta mara mbili, na mara zote mbili mashine ikamjibu hakuna mgonjwa kama huyo. Mimi nilisimama mbele ya kamati ya kliniki nikasema mashine yangu haiwezi kujibu hivyo. Mmoja wetu alikuwa anadanganya, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeiandika programu ile tangu mstari wa kwanza, hakuna aliyepoteza muda kujiuliza ni nani. Mtoto aliyekufa alikuwa mpwa wangu, mtoto wa pekee wa dada yangu mdogo. Kwa hiyo hata huruma yote ilikuwa upande wangu.

Niseme mapema kwamba sikuwa mtu mwema wakati ule. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nimerudi Nyeri kutoka Nairobi nikiwa na kisirani, baada ya miaka minne ya kutunza kompyuta katika ofisi ambako wanaume waliosoma nusu ya nilichosoma walikuwa wakinituma chai. Nilijua kazi yangu na nilitaka ijulikane. Kliniki moja ndogo ya kanisa pale Ruring'u, ng'ambo ya uwanja wa michezo, ilipopewa kompyuta kuukuu na wafadhili, kamati iliniomba nitengeneze namna ya kuweka rekodi za wagonjwa ndani yake. Kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka kabla haijafika. Nilikubali siku hiyo hiyo.

Mtu mwenye akili timamu angetumia programu ya kawaida akaenda zake nyumbani. Mimi niliamua kubuni lugha yangu mwenyewe ya kuandikia programu, na mashine pepe ya kuiendesha, yaani mashine isiyo na chuma wala waya, inayoishi ndani ya ile ya chuma na kutekeleza maagizo moja baada ya jingine. Niliwaambia kamati kwamba kompyuta ni dhaifu na haiwezi kubeba programu za watu wengine. Hilo lilikuwa kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka kujionyesha. Maagizo ya lugha hiyo yalikuwa ya Kiswahili: weka, tafuta, badilisha, futa. Na ukitafuta kitu kisichokuwepo, ilikuandikia neno moja kwa herufi kubwa: HAKUNA.

Nililojivunia kupita yote ni jinsi ilivyotafuta. Rekodi zilikaa katika jedwali, na jedwali lile lilikuwa na droo nyingi. Ili rekodi iingie kwenye droo yake inahitaji ufunguo. Watu wengine walikuwa wakitumia namba au neno moja kuwa ufunguo. Mimi niliruhusu kitu kizima kiwe ufunguo, na katika kliniki ile kitu chenyewe kilikuwa mgonjwa: majina yake matatu, mwaka wa kuzaliwa na kijiji. Mashine iliyachukua hayo yote, ikayakoroga mpaka yakawa namba moja, na namba hiyo ikaonyesha droo. Siku ukimtafuta, unaandika yale yale, mashine inakoroga tena, inapata namba ile ile, inakwenda moja kwa moja kwenye droo ile, inahakikisha aliyemo ndiye, inakuletea. Haipekui droo nyingine hata moja. Kwa kompyuta iliyochoka vile, rekodi ilitokea kabla nesi hajainua kidole.

Nesi alikuwa mmoja tu wa kudumu, mwanamke wa umri wangu aliyetoka upande wa magharibi, mrefu, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa mtu yeyote pale. Wiki ya kwanza aliniuliza, "Lakini madam, si kila mtu apewe tu namba yake, akae nayo? Sisi huko nyuma kadi zilikuwa na namba."

"Na akipoteza kadi?" nikamwuliza. "Kuna mama gani hapa Ruring'u anayekumbuka namba ya kadi? Jina lake analikumbuka."

"Hiyo ni ukweli," akasema, akaniachia. Angenibishia ningemkasirikia, na nadhani alilijua hilo.

Sasa mpwa wangu. Alikuwa na miaka sita. Alipokuwa mchanga alidungwa penisilini katika hospitali kubwa, akavimba uso mpaka macho yakafungika, na mimi ndiye niliyekuwa nimemshika. Daktari alituambia dawa hiyo asipewe tena maisha yake yote, kwa sababu safari ya pili inaweza kummaliza. Dada yangu aliliandika hilo kwenye karatasi, akaitia ndani ya kipande cha nailoni na kuibana kwa pini upande wa ndani wa sweta ya mtoto. Kila sweta mpya ilihamishiwa karatasi ile. Nilipomaliza programu yangu nilimwingiza mpwa wangu kwa mkono wangu mwenyewe, nikaweka mstari wa onyo ulioruka juu ya mengine yote: PENISILINI HAPANA. Nikamwambia dada yangu aache mambo ya pini, mtoto si gunia la kahawa. Hata wewe ukisahau, nikamwambia, mashine haisahau. Alicheka, akaitoa.

Mtoto yule alizaliwa nyumbani, yaani kabla dada yangu hajaolewa. Kwetu mtoto wa namna hiyo huhesabiwa wa babu yake mzaa mama, kwa hiyo jina lake la tatu lilikuwa la baba yetu. Dada yangu alipopata mwanaume wa kumwoa, mtu mwema, fundi seremala, pande mbili zilikubaliana kwamba siku ya kukamilisha ruracio, wakati mbuzi wa mahari wanapokatwa na wazee wanapokula pamoja, mtoto ataingia rasmi kwa mume na kuchukua jina lake. Dada yangu aliingojea siku hiyo kuliko harusi ya kanisani. Shuleni walikuwa wamemwuliza mtoto mara nyingi mno kwa nini ana jina la babu yake.

Ilikuwa Jumamosi. Asubuhi, kabla ya kwenda nyumbani kwa baba kusaidia kupika, nilipitia kliniki. Nilitaka kumpa dada yangu zawadi ambayo hakuna mwingine angeweza kumpa. Nilimwita mpwa wangu kwenye mashine, nikaandika badilisha, nikafuta jina la baba yetu, nikaweka la baba yake mpya. Mashine ikakubali. Nilichapisha ukurasa ule, nikaukunja, nikautia kwenye mkoba. Dada yangu aliponiona nikimpa karatasi yenye jina kamili la mtoto wake alilia pale pale jikoni na moshi ukasingiziwa. Nilifurahi sana siku hiyo. Nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bado linanichoma.

Saa saba hivi, wazee wakiwa wanakula, mtoto alikanyaga bati lenye kutu nyuma ya zizi na kuchanika unyayo. Mdogo wa shemeji yangu ndiye aliyemwona. Hakutaka kuvuruga shughuli. Alimfunga kwa leso, akamweka kwenye baiskeli na kumkimbiza kliniki, akiwa na fahari ya mtu anayempeleka mtoto wa kwao kwa mara ya kwanza. Hakumwambia mama yake wala mimi. Tulikuwa jikoni tukipakua.

Yaliyotokea huko niliyasikia kutoka kwa huyo kijana, na baadaye kutoka kwa nesi mwenyewe, na hayakutofautiana. Nesi aliuliza jina, kijana akataja jipya. Nesi akaandika. HAKUNA. Akauliza kama mtoto ana jina jingine, kijana akasema zamani alikuwa akitumia la babu yake, akalitaja. Nesi akaandika hilo pia. HAKUNA. Akauliza kama kuna dawa inayomkataa. Kijana akasema hajui, huyu amekuwa wao leo tu. Mtoto mwenyewe alikuwa akilia kwamba hataki sindano, na ni mtoto gani hulia kwamba anaitaka? Kidonda kilikuwa kichafu. Mashine imesema huyu ni mgonjwa mpya. Nesi alimdunga.

Mtoto hakumaliza hata robo saa. Walijaribu walichoweza kwa walichokuwa nacho, na hawakuwa na mengi. Tulipoitwa tulikimbia tukiwa na aproni. Mpwa wangu alikuwa kitandani amefunikwa mpaka kidevuni, uso umevimba vile vile nilivyouona miaka sita nyuma, na nesi alikuwa amekaa sakafuni ameshika mguu wa kitanda.

Tulimzika katikati ya wiki, kwa jina jipya. Kamati ilikutana Ijumaa. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya darasani hata akiomba maji, alimtaka nesi aeleze. Nesi akaeleza.

"Nilitafuta, mwalimu. Na hiyo jina mpya, na ile ya kitambo. Zote ilisema hakuna."

"Zote mbili?" mwenyekiti akauliza, akanitazama mimi.

Nilikuwa sijalala siku sita. Nilitaka mtu wa kulaumu kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Nikasema jina la zamani nilikuwa nimelibadilisha mwenyewe, kwa hiyo hilo linaweza kukataa, lakini jipya lilikuwemo tangu asubuhi ile, na karatasi niliyoichapisha iko kwa dada yangu. Nikawaita wote mbele ya kompyuta. Niliandika jina jipya la mpwa wangu herufi kwa herufi, polepole, ili wazee waone. Rekodi ilitokea papo hapo, na mstari wa onyo juu yake. Mzee mmoja alivua kofia.

"Sasa unasema nini?" mwenyekiti akamwuliza nesi.

Nesi alikodolea kioo macho. Alisoma mstari ule, midomo ikitembea. "Haikuwa hivi," akasema. "Wallahi haikuwa hivi."

"Mashine haidanganyi," nikasema. "Wewe hukutafuta. Ulikuwa na haraka ya kufunga, kwa sababu ni Jumamosi."

Hilo la haraka nililitunga papo hapo. Halikuwa na msingi wowote. Lakini watu walitikisa kichwa, na mmoja akasema ati hawa wageni hawana uchungu na watoto wetu, na mimi niliyesoma, niliyekaa Nairobi na watu wa kila namna, sikusema neno. Alifukuzwa siku hiyo. Alitoka na mfuko mmoja wa karatasi na kivazi chake cheupe kimekunjwa juu.

Miezi saba ikapita. Siku moja nilikuwa kliniki nikibadilisha utepe wa printa, akaja mwanamke aliyefunga ndoa wiki iliyotangulia. Nesi mpya alimbadilishia jina asubuhi, akaenda sokoni, akarudi mchana kuchukua dawa. Nikasikia nesi mpya akisema, "Mama, hii kitu inasema hauko."

Niliacha utepe. Nilikwenda nikaandika jina mwenyewe. HAKUNA. Nikaandika la zamani. HAKUNA. Nikaiamuru mashine inipe orodha ya wagonjwa wote bila kutafuta, droo kwa droo, na nikangoja majina yakipanda. Alikuwemo. Jina jipya, sahihi kabisa. Mashine ilikuwa naye ndani na ilikuwa ikiapa haimjui.

Nilimwomba yule mama akae, nikamwambia nesi ampe dawa kwa kuangalia cheti. Kisha nilizima mashine na kuiwasha upya. Nikaandika jina. Akatokea.

Nilikaa kwenye kile kiti mpaka walipotaka kufagia. Ni jambo ambalo ningemweleza mwanafunzi kwa dakika mbili. Mgonjwa anawekwa droo kwa namba iliyokorogwa kutoka kwenye majina yake ya siku ile. Ukimbadilisha jina akiwa tayari ndani, hahami droo. Ukimtafuta kwa jina jipya, mashine inakoroga, inapata namba nyingine, inakwenda kwenye droo nyingine, haimkuti. Ukimtafuta kwa jina la zamani inafika kwenye droo yake hasa, lakini inamkuta mtu mwenye jina jingine, inasema siye. Yuko ndani na hafikiki kwa njia yoyote. Na kila asubuhi mashine ilipowashwa ilisoma rekodi kutoka kwenye diski na kumpanga kila mtu upya katika droo inayomstahili, na kosa lote likafutika lenyewe. Mimi kila nilipojaribu programu niliiwasha upya kwanza. Sikuwahi kuliona kwa sababu lilidumu kuanzia kubadilisha hadi jioni tu. Mpwa wangu alipotea tangu nilipompa dada yangu zawadi mpaka mashine ilipozimwa jioni, na kesho yake, akiwa mochari, mashine ikampata.

Nilipaswa kukikataza kitu chochote kilicho ufunguo kisibadilishwe, au nitumie alama ambayo kila kitu hupewa na mashine kinapoumbwa na ambayo haibadiliki hata kibadilishwe nini. Yaani namba. Nesi aliniambia wiki ya kwanza.

Nilianza na dada yangu, kwa sababu nilijua nikimwacha mwisho sitafika. Nilimkuta akipepeta maharagwe. Nilimweleza kwa Kikuyu, kwa maneno ya nyumbani, kabati na droo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta.

"Kwa hivyo," akasema, "kama hatungembadilisha jina?"

Ningeweza kusema sijui. "Angekuwa hai," nikasema.

Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilisikia komeo. Sasa ni miaka mingi. Tunaonana mazishini na tunasalimiana. Tangu siku ile hakutumia tena jina la mume wake, hata kanisani, na ndoa ile haikufika mwaka wa pili. Hilo pia liko mikononi mwangu.

Mwenyekiti hakutaka kusikia. Aliniambia kamati imekwisha kuamua na watu wamekwisha kutulia. Nilimwambia nitalisema Jumapili mbele ya altare kama hataandika, naye alijua nina mdomo wa kufanya hivyo. Barua iliandikwa, kwa taipu, ikasema nesi alifuata utaratibu na kwamba kosa lilikuwa la mashine. Niliwaambia waandike kosa lilikuwa langu. Walikataa, eti kliniki itaonekanaje. Nikaichukua hivyo hivyo.

Nesi nilimpata Timau. Hakuna hospitali iliyomtaka, kwa hiyo alikuwa akipanga maua katika shamba moja kule, akikata miiba na kufunga mashada ya kusafirishwa. Alitoka kunipokea langoni wakati wa mapumziko, amevaa koti la bluu na buti za mpira, vidole vimejaa plasta. Kulikuwa na baridi ya mlimani na hakunikaribisha kukaa. Nilimpa barua, na akiisoma nilimweleza yote, droo na kila kitu, haraka haraka, nikimwomba msamaha katikati ya kila sentensi.

Aliisoma mara mbili. Nilidhani atalia au atanipiga kofi, na vyote viwili nilivitaka.

"Madam," akasema, "mimi niliokoka hapa. Mwezi wa tatu. Nilisimama mbele ya kanisa yote nikasema niliua mtoto wa watu juu ya uvivu, ati sikutafuta."

"Lakini ulitafuta," nikasema. "Ulitafuta mara mbili. Nimekuja kukuambia ulitafuta."

"Mlisema sikutafuta. Nyinyi wote. Nikakaa nikifikiria, nikaanza kuiona. Nikifunga macho najiona vile nachukua tu sindano bila kugusa hiyo mashine. Hata sasa ukiongea, ndiyo naona." Aliikunja barua kwa mikunjo yake ile ile, taratibu, kama mtu asiyetaka kuharibu kitu cha wenyewe. "Hiyo ingine, yenye unasema, siikumbuki."

Kengele ya kurudi kazini ikalia. Alinirudishia barua, akavaa glavu zake, akaingia ndani.